Bwana Afya na Moshi wa Chupa

Alipoingia kwenye ua wa mtu, Bwana Afya hakuanza na salamu. Alianza na mtungi. Alipita katikati ya wenyeji waliokaa mkekani kana kwamba ni magunia ya muhogo, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua kifuniko, akainamisha pua, na sisi tuliobaki nje tukasubiri kuambiwa kama tutaishi. Kisha akarudi akijifuta vidole kwa leso. "Hii maji iko na mavi," akasema. Baada ya hapo ndipo alipouliza habari za watoto.

Nimekaa naye mtaa wa Mvara, hapa Arua, ua kwa ua, kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani, na mtu anayeshonea barazani hapitwi na habari. Nasema haya mapema ili asitokee wa kunilaumu kwamba namsema mtu vibaya. Namsema vibaya, ndiyo, na sababu ninazo. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakulitumia. Alikuwa Bwana Afya kwa serikali, kwa kanisa, kwa wauza nyama, na hata kwa mkewe chumbani. Mkewe tulimwita Mama Afya, naye alikuwa mwanamke mwenye kikohozi. Habari hii yote ni habari ya kifua chake, ingawa angeona aibu kusikia nasema hivyo.

Wacha nimpe mzee haki yake kwanza, maana nikishapanda hasira nitasahau. Kipindupindu kilipoingia vijiji vya Lobule, yeye alikuwa bado kazini Koboko, na alikwenda huko kwa baiskeli na fimbo. Aliingia nyumba kwa nyumba akivunja mitungi ya maji. Hakuomba ruhusa. Mingine ilikuwa imetoka kujazwa, na wanawake walikuwa bado wanahema kutoka mtoni. Bibi mmoja aliulilia mtungi wake, maana ulifinyangwa na marehemu mama yake. Bwana Afya akamwambia, "Wewe nalia chungu? Kesho utalia mutoto." Watu walimchukia. Lakini ni huyo huyo aliyemkuta mtoto amelegea kwenye jamvi, akamfunga mgongoni kwa koti lake la kazi, akaisukuma baiskeli kwenye matope mpaka Koboko. Mtoto alipona. Siku hizi ni mwanamume mwenye ndevu, anauza vipuri vya pikipiki, na kila akimwona Bwana Afya hupiga goti katikati ya barabara, boda zikimpigia honi.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa bure. Ndiyo maana alitutesa vizuri, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Ukimbishia, alikuhesabia makaburi ambayo hayakuchimbwa kwa sababu yake.

Enzi zake za kazi alifundisha mambo mawili tu: chemsha maji, choma taka. Alifundisha shuleni, kanisani, kwenye magulio. Nasi tulichemsha na tukachoma. Taka za wakati ule zilikuwa nini? Maganda ya mahindi, majani, makaratasi, mfupa mmoja ambao mbwa ameukataa. Ulichoma, moshi ukanuka shamba, ukaenda kulala. Taka zilipobadilika, somo lake halikubadilika. Alibaki na mwongozo ule ule wa ujana wake, na mwongozo ule ulisema choma.

Maji ya chupa yalimpata akiwa amestaafu. Walimwalika kwenye semina katika hoteli moja ya Arua, kila mtu akawekewa chupa mbele yake, na jioni Bwana Afya akarudi nyumbani na zile ambazo wenzake hawakuzifungua. Alikuja nazo mpaka barazani kwangu. Aliishika moja shingoni akainyanyua juani.

"Mama Cherehani, angalia. Hii maji hapana mutu nagusa. Mashini nachota, mashini nafunga. Mukono ya mutu hakuna."

"Na aliyetengeneza mashini hakuwa na mikono?" nikamuuliza.

"Wewe shona nguo," akasema.

Tangu siku ile hakunywa kitu kingine. Alipigia mswaki maji ya chupa. Meno yake ya bandia yalilala ndani ya maji ya chupa. Alikuwa na birika lake la chai ambalo halikujua maji mengine. Kanisani koti lilivimba upande mmoja, na mahubiri yakirefuka alitoa chupa akanywa taratibu huku anamtazama mchungaji, na wote tulijua maana yake ni kwamba imetosha. Sikukuu moja ya mavuno, mke wa mchungaji alimletea glasi ya maji kwa mikono miwili, kwa heshima. Bwana Afya aliipokea, akalimwagia maji yale ua lililokuwa kwenye kopo, akamrudishia glasi. Mama wa watu alisimama pale na glasi tupu, akitabasamu kwa nguvu.

Mimi nilicheka. Sikumpenda sana yule mama. Ndivyo alivyokuwa Bwana Afya, ukatili wake ulikuwa mtamu kama haujafika kwako.

Sasa sikilizeni hili. Maji hayo yalikuwa yake peke yake. Mama Afya alikunywa ya kisima cha pampu kama sisi wengine, yale yale ambayo mumewe aliyatangaza mtaa mzima kwamba yana mavi. Aliyachota mwenyewe, akayabeba, akayapitisha mbele ya katoni za mumewe zilizopangwa mpaka darini, akayamimina kwenye mtungi wake. Siku moja nilimuuliza mzee, mbele ya watu, kwa nini mama naye asipewe.

"Tumbo ya mwanamuke iko nguvu," akanijibu. "Nazaa watoto, itashindwa na maji?"

Wanaume walicheka. Mama Afya pia alicheka, mpaka kikohozi kikamshika na ikabidi akae chini.

Chupa zenyewe zilitoka Koboko. Alikuwa na mfanyabiashara wake huko, mmoja tu aliyemwamini, na katoni zilikuja Arua juu ya basi. Mimi huenda Koboko kununua vitenge vinavyovuka kutoka Kongo, kwa hiyo niliwahi kuuona ule usafi wa mashini ukiwa sokoni. Katoni zilipangwa nje ya duka, juani, tangu asubuhi. Karatasi za chupa zilikuwa zimepauka. Nilishika moja, ilikuwa ya moto kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, na plastiki yake ilibonyea kidoleni. Redioni walikuwa wamesema chupa ikipigwa na jua plastiki inaingia kwenye maji, mtu anainywa bila kujua. Niliporudi nilimweleza.

"Jua naua wadudu," akasema.

"Redio imesema plastiki."

"Redio iko na cheti ya afya?"

Kwake kila kilichomfaa kiliua wadudu. Jua liliua, chumvi iliua, moshi uliua, hata matusi nadhani aliyatoa kama dawa.

Ni lazima niseme ukweli kuhusu mtaro wetu. Mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kunywa maji ya chupa, wenye nafasi kila siku, wengine kwenye harusi na misiba, na kila mtu akimaliza alitupa. Mtaro ulijaa. Mvua ikinyesha, maji yalikosa njia, yakaingia majumbani na chupa zake juu, zikielea na kugongana. Mbuzi wa jirani yangu alikufa, alipopasuliwa tumbo likakutwa na vifuniko na mifuko. Sehemu moja tu ya mtaro ilikuwa safi kama sahani, nayo ilikuwa mbele ya kwa Bwana Afya. Hakutupa hata kifuniko. Alisimama pale asubuhi na kuwaonyesha wapita njia: "Angalia ya wengine, angalia yangu." Na kweli, ukiangalia kwa macho tu, yeye alikuwa na haki.

Kila chupa yake ilichomwa. Palikuwa na vijana waliopita na magunia wakiokota chupa kwenda kuziuza zikasagwe. Nilimshauri awape wao. Alinitazama kama nimemtukania mama.

"Nawapa, halafu? Nakwenda kujaza maji ya muto, nafunga tena, narudisha kwa duka. Mimi nitakunywa mate yangu ya jana?"

Na hapo napo hakuwa mwongo, maana Koboko alikamatwa mtu mmoja akijaza chupa kuukuu na kuzifunga kwa moto wa mshumaa, wananchi nusura wamuue. Basi Bwana Afya aliona chupa ikibaki duniani ipo siku itarudi mdomoni mwake. Dawa ilikuwa moja.

Lakini si yeye aliyechoma. Kuchoma ilikuwa kazi ya mkewe.

Kila jioni kabla ya chakula alitoa kiti chake cha mapumziko, akalowesha kidole mate, akakiinua juu kusikiliza upepo unatoka wapi, kisha akaketi upande ambao moshi hauendi. Mama Afya alikuwa shimoni na kijiti. "Geuza," mzee akasema. "Ile ya chini bado. Geuza." Chupa zilijikunja, zikalia, zikatoa moshi mweusi mzito uliokaa chini badala ya kupanda. Ulinuka nywele zinazoungua. Mama Afya alijifunga khanga puani, lakini khanga inazuia nini? Masika shimo likijaa maji, alichomea ndani ya jiko, kwenye mafiga, mlango umefungwa ili mvua isizime moto. Alikuwa anatoka humo macho yamemwiva, anashika ukuta.

Niliwahi kugombana nao wote wawili. Nilikuwa nashona gauni la harusi, satini nyeupe, la binti wa watu walioheshimika, nimelitundika barazani nimalizie pindo. Moshi wao ukaja na vipande vyeusi vinavyoruka, kimoja kikatua kifuani mwa gauni kikaganda. Nilikigusa kikasambaa kama lami. Nilipita kwenye uwazi wa ua nikiwa nimelibeba lile gauni mikononi na kumtukana Bwana Afya kwa Kilugbara na kwa Kiswahili, maana lugha moja haikunitosha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tia maua hapo," akasema. "Bibi arusi napenda maua."

Nilitia maua. Ndiyo, gauni lilipendeza, na sijamsamehe.

Baada ya ugomvi ule Mama Afya akawa anakuja barazani kwangu. Alisema anakuja kupumzisha kifua. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavuta pumzi kidogo kidogo, kwa sauti ya filimbi iliyoziba, na katikati ya pumzi alinitania. "Dada yangu, mimi sasa iko jiko. Ukinipiga mugongo, masizi natoka." Alikuwa mcheshi kuliko watu wote wa mtaa ule, na ucheshi wake aliupoteza bure kwa yule mwanamume. Kila mwaka alinipa nguo zake nizibane. Fundi anajua mwili wa mtu kabla ya daktari. Nilikuwa nakata pembeni, nakata tena, na kitambaa kilichobaki sakafuni kilinitia hofu. Nilimpenda. Sijui kwa nini nazunguka, nilimpenda, na ningempa pafu langu moja kama kungekuwa na fundi wa kulishona.

"Kataa," nilimwambia. "Mwambie achome mwenyewe."

"Nitamwambia," alisema, na jioni nikaona moshi.

Basi likaja jambo la daktari, na hapa ndipo pananikaa kooni mpaka leo.

Alizidiwa, akaanza kuchomwa sindano kwenye zahanati, siku hii apewe, siku ile apumzike. Zilimsaidia, alikuwa ameanza kupanda kilima cha kanisa bila kusimama. Siku ya kurudi kuonana na daktari tulikwenda watatu. Bwana Afya aliingia na mkewe, mimi nilikaa kwenye benchi mlangoni na mkoba wake mapajani, mlango wazi. Daktari alikuwa kijana wa kutoka kusini, Kilugbara hajui, Kiswahili chake cha kuokoteza kama chetu sisi, pengine kibaya zaidi. Akauliza mama anapikia nini. Mama Afya akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

"Anachoma chupa za plastiki, daktari," nikasema kutoka mlangoni. "Kila siku."

Daktari aliacha kuandika. Alivua miwani. Akamgeukia Bwana Afya, akasema polepole ili aeleweke:

"Mzee. Kuchoma, basi. Kuchoma tena hapana. Mama itakufa."

"Nimesikia, daktari," Bwana Afya akasema.

Tulipofika nje, kwenye mti wanapoegesha boda, alimgeukia mkewe. "Umesikia? Daktari nakataza sindano. Nasema nachoma wewe tena, utakufa."

Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Bwana Afya, daktari anasema chupa."

"Neno chupa umesikia kwa mudomo yake?"

Sikulisikia. Ni kweli, daktari hakulitamka. Kiswahili chetu cha huku ni cha haraka, kilikuja na wanajeshi na wachuuzi, tunakikata pande mbili ili kiingie mfukoni. Hatusemi asichome wala asichomwe. Tunasema kuchoma, tunaachia hapo, na anayesikiliza anajaza mwenyewe. Chupa huchomwa, na mgonjwa naye huchomwa.

"Kwa hospitali nachoma nini?" Bwana Afya akaniuliza. "Nyama? Wewe iko mutu ya nguo. Mimi iko mutu ya afya. Maisha yangu yote kuchoma ni sindano."

Nilimwacha pale nikarudi ndani mbio kumwita daktari aje aseme mwenyewe. Alikubali, kijana mwenye adabu, akamwacha mgonjwa mwingine na shati mkononi. Tulipotoka, boda ilikuwa imeshaondoka nao, mzee mbele, mama nyuma ameshikilia koti lake. Daktari akanieleza tena, safari hii kwa Kiingereza na kwa mikono: moshi wa plastiki ni sumu, sindano aendelee nazo, asikose hata moja.

Nilimfikishia Mama Afya neno kwa neno, jioni ile ile, ameshika kijiti tayari.

"Dada yangu, yeye amesoma hiyo kazi," akasema. "Mimi nitauliza nani?" Kisha akacheka kidogo. "Na sindano nauma."

Alijua. Naweka mkono wangu kwenye Biblia kwamba alijua. Lakini alikuwa amechoka, na uongo wa mumewe ulikuwa na amani ndani ya nyumba kuliko ukweli wangu. Sindano zikakoma. Moshi ukaendelea. Nilikwenda kwa mchungaji, akasema atamwombea. Nilikwenda kwa wazee wa mtaa, wakanikumbusha kipindupindu cha Lobule. Kwa muda mrefu nilijiuliza kama labda yule mzee alikosea kweli, masikio ya uzee, mazoea ya kazi. Kuna siku nilimhurumia hata. Nilisema moyoni, mtu aliyembeba mtoto wa watu mgongoni mpaka Koboko hawezi kumfanyia hivi mke wake kwa makusudi.

Mama Afya alikufa mchana, kwenye kiti changu cha wateja. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano ya cherehani, namsimulia habari ya bibi mmoja aliyeniletea kitambaa kifupi akitaka gauni refu, nikasubiri acheke. Nilipogeuka alikuwa anatazama barabara. Sitaki kusema zaidi.

Msiba ulifanywa vizuri, lazima nikiri. Bwana Afya alileta katoni za maji kutoka Koboko kwa ajili ya wageni wakubwa, na waombolezaji wa kawaida wakawekewa pipa. Tulipotoka kaburini chupa tupu zilikuwa zimetapakaa chini ya turubai. Mzee akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakiosha sufuria.

"Nani atachoma hizi?" akauliza.

Wanawake wakazidi kusugua. Akauliza tena. Nikainuka na mikono yenye povu. "Choma mwenyewe," nikamwambia. "Anayekuchomea tumemzika sasa hivi."

Alizikusanya, akaziwasha. Aliangalia upepo kwanza. Upepo ulipogeuka, mzee yule aliyetembea kwa mkongojo aliruka pembeni kama mwanambuzi, akaziba mdomo kwa leso. Niliona, na bado sikuelewa. Mtu akikataa kuelewa hata macho hayamsaidii.

Baadaye alihama. Wanawe wako Kampala, hawakumtaka, au yeye hakutaka maji ya kule. Alikwenda Koboko kwenye kiwanja cha marehemu ndugu yake, karibu na soko, karibu na mfanyabiashara wake. Mtaani kwetu hewa ilirudi kuwa hewa. Nilianza tena kutundika satini barazani. Watu walimkumbuka kwa upendo kidogo kidogo, kama wanavyokumbukwa watu waliohama.

Nilimwona mwaka jana. Nilikuwa nimekwenda kununua vitenge, natoka sokoni na mzigo, nikasikia sauti kutoka kwenye lango la bati: "Mama Cherehani! Unapita kama mutu hajui mimi?"

Niliingia. Mzee akikuita huwezi kupita, na mimi pia nilitaka kuona amechakaa kiasi gani. Hakuwa amechakaa. Mungu ana mambo yake, yule mtu alikuwa amenenepa. Mashavu yalimng'aa. Alikuwa kwenye kiti chake kile kile, shati limepigwa pasi, na uani hakuna hata jani.

Mwanamke kijana akatoka ndani na kiti, akapiga magoti kunisalimu. Mrefu, mabega mapana, mikono ya jembe. Bwana Afya akamwambia aniletee chupa. Miaka yote ile hakuwahi kunipa hata moja, nami nikaipokea, nikaiweka mapajani.

"Umeoa," nikasema.

"Nimeoa. Mutu nakaaje peke yake?" Alisubiri mwanamke arudi ndani, akaniinamia. Alikuwa na furaha. "Na hii nilichagua na akili. Mutoto ya Lobule. Kabla ya kupeleka ng'ombe kwa baba yake, nilimuleta kwanza Arua kupiga picha ya kifua. Daktari nasema kifua iko safi, kama ya sodia, askari ya jeshi."

"Picha ya kifua," nikasema. "Anaumwa?"

"Anaumwa nini? Nilitaka kujua."

"Kujua nini, Bwana Afya?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapima mpini kabla ya kununua jembe. "Si kazi ya kuchoma? Nataka kifua. Ile ndoa ya kwanza niliingia bila kuangalia."

Jua la Koboko lilikuwa limesimama utosini. Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine: "Kumbe siku ile kwa daktari ulielewa."

Hakukana. Hakujitetea hata. Alifikiri kidogo, kwa uungwana, kama mwalimu anayetaka mwanafunzi mzito afahamu.

"Mama Cherehani," akasema, "na nani angechoma? Nilikuwa na mutu mwingine?"

Niliweka chupa yake chini, bila kuifungua, nikasimama. Nilitaka kumpiga. Mzigo wa vitenge ulikuwa miguuni pangu, nilitaka kumpiga nao. Badala yake nilisema kwaheri, maana hivyo ndivyo tulivyolelewa, na akaniambia nisalimie Mvara.

Mkewe alinisindikiza mpaka kwenye boda, amebeba mzigo wangu kichwani. Njia ni fupi, kwa hiyo nilisema haraka. Nilimwambia yote: moshi wa masika ndani ya jiko, nguo nilizobana, sindano zilizokoma, kiti changu cha wateja. Nilimwambia mwenzake alikufa kwa chupa za mzee yule, na kwamba mzee alijua. Nikamwambia arudi kwao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alishusha mzigo, akauweka vizuri juu ya boda, akaufunga kwa mpira mwenyewe, na fundo lake lilikuwa zuri.

"Mama, kwetu baba nakausha tumbaku," akasema. "Tangu mutoto mimi nalala na moshi, naamuka na moshi. Hapa iko ya jioni tu."

"Hii si ya tumbaku, mwanangu. Hii inaua."

"Mama." Alitabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayemfariji mkubwa wake. "Yeye napenda mimi. Kwetu Lobule hakuna mwanamuke mumoja bwana alimupeleka hospitali bila kuugua. Mimi tu. Dada zangu walilia wivu."

Mwenye boda aliwasha pikipiki. Yule binti akaniambia ile picha ya kifua ameitundika ukutani juu ya kitanda, karibu na kalenda ya kanisa, na mchana dirisha likiwa wazi mbavu zake zote zinaonekana. Akaniuliza kama nina haraka sana, au ningerudi kidogo niione.